Sijaona si Hakuna

Kipande cha mfupa kilichofikishwa mezani kwangu asubuhi ile kilikuwa na urefu wa milimita nne. Kilitolewa nyongani kwa mzee mmoja aliyekaa na matezi ya shingo na kwapa kwa miezi mingi. Kwanza alitibiwa kifua kikuu, kama inavyotokea mara nyingi kwetu mtu akija na matezi na homa za usiku, asipate nafuu. Baadaye tezi moja ikakatwa, ikapimwa, ikaonyesha limfoma, yaani saratani ya seli za kinga zinazoitwa limfosaiti. Swali likabaki moja: je, saratani hiyo imefika kwenye uboho?

Nilikitazama kipande kile kwa hadubini. Zaidi ya nusu yake ilikuwa gegedu na mfupa mgumu wa juu. Uboho wenyewe ulikuwa kidogo mno. Seli za saratani sikuziona. Nikaandika, "Hakuna limfoma kwenye uboho," nikatia saini. Wiki chache baadaye damu yake ilizidi kushuka, ikabidi achomwe tena upande wa pili. Safari hii nilikwenda mwenyewe, tukapata kipande kinachozidi sentimita mbili. Limfoma ilikuwamo, imejibanza sehemu tano kando ya nguzo ndogondogo za mfupa. Haikuzaliwa ndani ya wiki zile. Ilikuwamo tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyesema haimo.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia vijana wa maabara kwamba "sijaona" na "hakuna" ni majibu mawili tofauti. Kila njia ya kupima uboho ina mahali inapoona na mahali isipoona. Anayejua upofu wa kipimo chake ndiye anayeweza kutoa jibu la kuaminika, na hospitali inayoujua ndiyo itakayojua fedha zake chache ziende wapi kwanza.

Uboho ni nyama laini iliyo ndani ya mifupa, kiwanda cha damu. Limfosaiti za kawaida ni wakazi halali humo. Kwa mtu mzima mwenye afya ni takriban moja katika kila seli kumi. Ugumu unaanzia hapo. Anayetafuta vimelea vya malaria kwenye damu anatafuta mgeni. Anayetafuta limfoma kwenye uboho anatafuta mwenyeji aliyeasi, naye anafanana kwa sura na wenzake wasio na hatia.

Na jibu lenyewe lina uzito. Kwa utaratibu uliowekwa Ann Arbor, Marekani, mwaka 1971, limfoma ikishaingia kwenye uboho ugonjwa huhesabiwa kuwa wa hatua ya nne. Hilo linaweza kubadilisha aina ya dawa, idadi ya mizunguko ya matibabu, na maneno ambayo daktari atawaambia ndugu wa mgonjwa. Aina za limfoma nazo hazifanani. Ile ya folikula na ile ya mantili huingia kwenye uboho mara nyingi sana. Hodgkin huingia kwa wagonjwa wachache, ingawa kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI huonekana humo mara nyingi zaidi.

Kazi yote huanzia kitandani. Mgonjwa hulala ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na daktari hupapasa kwa kidole gumba hadi akipate kinundu cha mfupa kinachochomoza nyuma ya nyonga. Ganzi huingizwa kwenye ngozi, kisha kwenye utando unaofunika mfupa, maana huko ndiko kwenye maumivu. Sindano hupenya kwa kuzungushwa taratibu, na mfupa ukishapenywa mkono husikia ulegevu wa ghafla. "Mzee, vuta pumzi ndefu, sasa navuta," nilimwambia yule mzee mara ile ya pili. "Vuta, mwanangu," akanijibu, "lakini leo mje na jibu."

Uboho wa majimaji unaovutwa mwanzo ndio wenye thamani kubwa, nao kwa ajili ya slaidi usizidi mililita moja. Ukiendelea kuvuta, damu ya kawaida hujaa kwenye bomba la sindano na kuuzimua uboho. Mteknolojia aliye kando ya kitanda huumwaga kwenye kioo na kukiinamisha. Damu ikitiririka, hubaki vipunje vinavyong'aa kwa mafuta, kama chenga za mchele. Chenga hizo ndizo uboho. Zisipoonekana, kilichopatikana huenda ni damu tu, na anapaswa kusema palepale kabla mgonjwa hajavaa nguo zake.

Baada ya majimaji hutolewa kipande kigumu. Sindano inayotumika sehemu nyingi duniani inaitwa Jamshidi, kwa jina la Khosrow Jamshidi, daktari aliyeieleza mwaka 1971. Ncha yake imebanwa kidogo kuliko tumbo lake, ili kipande kiingie bila kupondeka. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2008 inataka kipande kisichopungua sentimita mbili: kwa urefu na unene, karibu nusu ya njiti ya kiberiti.

Kwa nini urefu huo? Mnunuzi wa nafaka huchoma gunia kwa bambo, akaangalia kilichotoka. Akichoma karibu na mshono tu, atakuta punje safi, alipe, na akifika nyumbani akute bungua wamejaa chini. Limfoma nyingi hazienei sawasawa kwenye uboho. Hukaa vikundi vikundi. Ndiyo maana kuchukua vipande vya nyonga zote mbili huongeza nafasi ya kuikuta, na ndiyo maana milimita zangu nne zilikuwa sawa na kuchoma gunia pembeni na kulipia gunia zima.

Slaidi ya majimaji hupakwa rangi kwanza, na rangi hiyo ni ya ukoo mmoja na ile inayotumika kupima malaria. Gustav Giemsa aliitengeneza Hamburg mwanzoni mwa karne ya 20, na leo karibu kila maabara yenye hadubini katika nchi zetu inayo. Ni kipimo cha bei nafuu na cha haraka, tusikidharau. Chukua limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958 baada ya kuona watoto wenye uvimbe wa taya. Seli zake zikiwa kwenye uboho, rangi hii huzianika: ute wa bluu iliyokolea, umetobolewa na vitundu vidogo vya mafuta. Uvimbe huo unaweza kuwa maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto wa namna hiyo hawezi kungoja majibu ya mwezi ujao. Slaidi iliyosomwa leo mchana inaweza kuwa ndiyo inayomfikisha kwenye dawa kwa wakati.

Upofu wa slaidi ni huu: huonyesha tu seli zilizokubali kuvutwa. Limfoma ya folikula hupenda kujishika kwenye nguzo za mfupa, imezungukwa na nyuzi laini zinazoizuia kutoka. Slaidi inaweza kuwa safi kabisa, na ugonjwa umebaki mfupani. Wakati mwingine sindano huvuta isipate kitu. Hiyo nayo ni taarifa, kwa sababu uboho uliojaa nyuzi au uliosongwa na saratani ndio usiovutika. Hapo tunachukua kipande kigumu, tunakigusisha polepole juu ya kioo kabla hakijatiwa kwenye formalini, kemikali ya kukihifadhi, na seli chache zinazobaki kwenye kioo zinatupa sura ya kuanzia.

Kipande chenyewe husafiri safari ndefu zaidi. Hukaa kwenye formalini, kisha huondolewa chokaa ili kisu kiweze kukikata, kisha huzamishwa kwenye nta na kukatwa tabaka nyembamba za maikroni mbili au tatu. Hapo kwenye kuondoa chokaa pana kosa linalofanyika kimyakimya. Asidi kali hufanya kazi haraka, lakini huharibu DNA na huweza kufifisha protini tutakazozitafuta baadaye. Kemikali nyingine ya kuondoa chokaa, EDTA, huchukua muda mrefu zaidi, lakini huviacha vitu hivyo salama. Maabara iliyookoa siku mbili kwa asidi kali inaweza kuwa imefunga mlango wa vipimo vyote vya jeni kwa mgonjwa huyo.

Faida ya kipande ni kwamba kinaonyesha seli mahali zinapoishi, na mahali husema mengi. Seli zilizokumbatia nguzo za mfupa hutufanya tufikirie folikula. Zilizojipanga mstari ndani ya mishipa midogo ya damu hutuelekeza kwenye limfoma ya wengu. Zilizojaza kila nafasi na kufukuza mafuta yote zinaonyesha ugonjwa mzito. Lakini vikundi vidogo vya limfosaiti visivyo na madhara huonekana pia, hasa kwa wazee, kwa wenye magonjwa ya kinga kujishambulia, na kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mara nyingi vina mipaka safi na hukaa mbali na nguzo za mfupa. Kipande hichohicho kinaweza kuonyesha vinundu vya kifua kikuu au vimelea vya kala-azar, vikawa ndivyo chanzo halisi cha homa. Kwa macho peke yake, hata msomaji mzoefu atafika mahali aseme: hapa nahitaji msaada.

Msaada huo ni kingamwili. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walionyesha Cambridge jinsi ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi, kila moja ikitambua alama moja tu, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Nyingi ya alama hizo za seli hupewa namba zinazoanza na herufi CD. Tabaka la kipande humwagiwa kingamwili, kisha kemikali inayogeuka kahawia pale kingamwili iliponasa. Kwa lugha ya maabara kazi hii ni imunohistokemia. CD20 huonyesha limfosaiti za kundi B, CD3 huonyesha za kundi T. Seli za B zilizobeba pia CD5 na saiklini D1 huelekeza kwenye limfoma ya mantili. Seli kubwa zenye CD30 na CD15 huelekeza kwenye Hodgkin. Ki-67 huonyesha seli zinazojigawa, na kwenye Burkitt karibu kila seli hugeuka kahawia.

Nayo ina mtego wake. Mgonjwa aliyetibiwa kwa rituksimabu, dawa inayolenga CD20, anaweza kuwa na limfoma iliyopoteza alama hiyo. Ukitafuta kwa CD20 peke yake utaona uboho mweupe, utaandika "hakuna," na utakuwa umerudia kosa langu kwa njia nyingine. Lazima zitumike alama nyingine za seli za B, kama CD79a na PAX5. Ndiyo maana fomu ya maabara isiyo na historia ya matibabu ni hatari, na daktari anayeituma tupu ameshiriki kosa litakalotokea.

Njia inayofuata ni saitometria ya mtiririko. Majimaji ya uboho huchanganywa na kingamwili zenye kung'aa, kisha seli hupitishwa moja moja mbele ya leza, maelfu kwa sekunde, na mashine husoma mng'ao wa kila moja. Teknolojia hii si ngeni kwetu. Ndiyo iliyohesabu CD4 za mamilioni ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwenye limfoma tunaiuliza swali jingine. Kila seli ya B huvaa kingamwili yenye mnyororo mwepesi wa aina moja kati ya mbili, kapa au lamda, na kwa mtu mwenye afya kapa huwa karibu mara mbili ya lamda. Sokoni watu huvaa nguo za kila rangi. Ukikuta mia wamevaa sare ya aina moja, unajua wametoka shule moja. Seli za B zikiwa karibu zote za kapa, au zote za lamda, zimetoka kwa mzazi mmoja, na hapo shaka ya saratani ni kubwa.

Mashine ikitumiwa vizuri inaweza kuona seli moja ya saratani katikati ya elfu kumi, jambo ambalo jicho haliwezi. Lakini hupima tu kilichoingia kwenye bomba, kwa hiyo folikula iliyobaki mfupani huipita. Hodgkin nayo huipita mara nyingi, kwa kuwa seli zake ni chache. Seli kubwa za limfoma kali ni dhaifu, hufa njiani. Sampuli inapaswa kufika ikiwa hai, ndani ya siku moja au mbili.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake ya safari ya namna hiyo. Desemba 1963 sampuli ya uvimbe wa Burkitt ilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda kwenda kwa Anthony Epstein, London. Ukungu ukaifanya ndege itue Manchester, na sampuli ilipofika majimaji yake yalikuwa na ukungu pia, kama yameingiwa na bakteria. Epstein hakuyamwaga. Alichukua tone akalitazama kwa hadubini, akakuta seli za limfoma zinaelea, ziko hai. Kutokana na seli hizo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakakuza seli ambamo virusi vilionekana, wakavitangaza mwaka 1964. Leo virusi hivyo vinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Kabla ya kutupa sampuli iliyochelewa, nawasihi wateknolojia wenzangu, litazameni tone moja.

Ngazi ya mwisho ni jeni. Kila seli ya B hukata na kuunga jeni zake za kingamwili kwa mpangilio wake pekee. Ugunduzi wa jinsi inavyofanya ndio uliompa Susumu Tonegawa Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Seli za limfoma zikiwa watoto wa seli moja, zote zina mpangilio mmoja, na PCR, njia ya kurudufu DNA mara nyingi, huweza kuunyanyua kutoka kwenye lundo. Njia ya FISH hutia alama zenye kung'aa kwenye kromosomu na kuonyesha zilizobadilishana vipande: ya 14 na ya 18 kwa folikula, ya 11 na ya 14 kwa mantili, ya 8 na ya 14 kwa Burkitt nyingi. Mwaka 2012 ilionekana pia kwamba badiliko moja kwenye jeni ya MYD88 lipo kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa Waldenström, limfoma ambayo makazi yake makuu ni uboho.

Hata hapa pana mtego. Seli kuwa za ukoo mmoja hakumaanishi kuwa ni saratani. Wazee wengi wana vikundi vidogo vya namna hiyo, na wengi wao hawatakaa waugue. Uboho ukiwa na seli chache mno za B, PCR inaweza kukuza mbili tatu zilizopo ikaonyesha ukoo usiokuwapo. Kipimo kikali kilichopewa sampuli mbaya hutoa kosa lenye sura ya uhakika, na hilo ndilo kosa gumu kuliko yote kulirekebisha.

Vipimo basi vitagongana, na mgongano huo si aibu. Saitometria ikisema safi na kipande kikionyesha seli kando ya nguzo za mfupa, namwamini aliyeona mfupa. Kipande kikiwa safi na saitometria ikaonyesha kundi dogo la ukoo mmoja, narudi kukata tabaka za chini zaidi na kumpigia simu daktari wa wodi. Tezi inaweza kuwa na limfoma ya seli kubwa wakati uboho una ya seli ndogo. Mgonjwa huyo hana ubaya uleule wa aliye na seli kubwa kotekote, na ripoti isiyotofautisha inamwonea. Picha za PET, zinazoonyesha saratani ilipo mwilini, nazo zimepunguza haja ya sindano: tangu mapendekezo ya kimataifa ya Lugano ya mwaka 2014, mgonjwa wa Hodgkin aliyepigwa picha hiyo kwa kawaida halazimiki kuchomwa. Lakini mashine hizo ziko katika miji michache ya kwetu, Nairobi ukiwa mmojawapo. Kwa wagonjwa wetu wengi sindano bado ndiyo njia.

Kwa hiyo hospitali ianze wapi? Mkazo mkubwa sasa uko kwenye mashine za kusoma jeni, na wafadhili hupenda kupigwa picha kando yake. Msimamo wangu ni mwingine. Anza na sindano nzuri na mikono iliyofunzwa kutoa sentimita mbili. Mweke mteknolojia kando ya kitanda. Acha asidi kali, tumia EDTA. Kisha nunua kingamwili kumi hivi zilizochaguliwa kwa busara, uhakikishe hazikatiki katikati ya mwaka. Pale ambapo zipo mashine za mtiririko zenye uwezo zilizokuja kwa ajili ya UKIMWI, zifunzwe kazi hii ya pili. Vipimo vya jeni viwekwe kwenye vituo vichache vinavyohudumia kanda nzima, vipokee bloku za nta zilizotunzwa vizuri. Kuanza na jeni ni kujenga ghorofa ya tatu kwanza.

Na ripoti zetu zibadilike, jambo ambalo halihitaji bajeti. Kila ripoti itaje urefu wa kipande, kiasi cha uboho kilichosomeka, idadi ya tabaka zilizokatwa, na kingamwili zilizotumika. Sampuli ikiwa haitoshi, iandikwe waziwazi kwamba haitoshi, ili mgonjwa achomwe tena wiki hiyo na si baada ya damu kushuka.

Yule mzee alibadilishiwa matibabu. Bloku zake mbili za nta, ya milimita nne na ya sentimita mbili, ninazo kabatini, na kila mwanafunzi mpya huanza kwa kuzisoma zote mbili. Nawe msomaji, kama wewe au ndugu yako amechomwa uboho, muulize daktari mambo matatu: kipande kilikuwa na urefu gani, kilipimwa kwa njia zipi, na bloku yake imehifadhiwa wapi. Ukikuta ripoti inasema "hakuna" bila kueleza kilichotazamwa, una haki ya kuuliza tena. Uliza.